Nimepata SUA, Agronomia. Hii miaka mitatu niitumieje nisitoke na cheti kitupu?

Chipukizi_Makambako

Habari za muda huu wakuu. Nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, shahada ya Agronomia, miaka mitatu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nimepata, ada pamoja na chakula na malazi. Nyumbani tunalima mahindi na viazi mviringo, kwa hiyo jembe si geni kwangu. Kigeni ni chuo.

Kila ninayemuuliza ananiambia nisome kwa bidii. Hilo nimelipokea. Naomba mnisaidie yale yasiyoandikwa kwenye barua ya udahili. Nikae hosteli au nipange mtaani? Field (mafunzo kwa vitendo) nitafute wapi, na nianze kutafuta lini? Tuko watatu tuliotoka kidato cha sita pamoja, kila mmoja anaweza kutoa laki moja na nusu. Tumefikiria kufuga kuku wa nyama 100 tukiwa chuoni, inawezekana? Na hizi safari za mafunzo ya kilimo nje ya nchi, ukweli wake ni upi?

Naombeni majibu yenye hesabu, hata kama yatanivunja moyo.

---

Dada_wa_Magadu

Hongera mdogo wangu. Mimi nitajibu ya makazi na fedha, ya field na kuku wapo wanaoyajua zaidi.

Kabla hujamlipa dalali, hakikisha kampasi yako. SUA ina kampasi mbili hapo Morogoro mjini. Kuu ni Edward Moringe, chini ya Milima ya Uluguru. Ya pili ni Solomon Mahlangu kule Mazimbu, kwenye majengo ya ile shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC, yaliyokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Kilimo kiko kampasi kuu. Sayansi asilia na sayansi za jamii ziko Mazimbu. Mgeni anaambiwa "ni SUA hiyo hiyo", analipa kodi ya miezi sita, kisha kila asubuhi anavuka mji mzima kwa daladala na kufika vitendo vimeanza.

Kwa mwaka wa kwanza ningekushauri hosteli ukiipata. Vitendo vya shambani huanza mapema kabla ya jua kali, na usiku utahitaji maktaba. Chumba kinaombwa kwenye mfumo wa chuo wa taarifa za wanafunzi, SUASIS, na malipo yanafanyika kwa kumbukumbu namba unayoipata humo humo. Mtu akikupa namba yake ya simu umtumie "hela ya kushikilia kitanda", usitume. Ukikosa nafasi ukaenda mtaani, kakague chumba jioni, usiende mchana peke yake: maji yanatoka siku zipi, luku ni ya chumba chako au ya nyumba nzima, na njia ya kurudi saa 3 usiku ina watu au haina. Uliza pia masika inakuwaje, kwa sababu maji ya mlimani yakishuka baadhi ya mitaa hugeuka matope matupu.

Kuhusu bumu, yaani fedha ya kujikimu ya Bodi: kiwango cha juu cha chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, na huja kwa mkupuo. Kwa siku 60 ni laki sita, zinaonekana nyingi sana siku ya kwanza. Ondoa kodi, ondoa fedha ya wiki mbili uiweke mahali usipoifikia kwa simu, kinachobaki kigawanye kwa wiki nane. Hizo wiki mbili ni kwa sababu bumu linalofuata linaweza kuchelewa kutokana na usajili, matokeo au jina lililokosewa herufi benki. Na njoo na fedha ya kujikimu wiki tatu za mwanzo, maana mwaka wa kwanza hapati kitu mpaka asajiliwe na kuhakikiwa.

Vifaa: gambuti, ovaroli, koti jeupe la maabara, kikokotoo cha sayansi, futi kamba ya mita 5, na daftari gumu dogo la mfukoni. Daftari hilo liandikie kwa penseli, kwa sababu wino ukipata umande wa asubuhi shambani unasambaa na namba zote zinapotea.

---

BwanaShamba_Kilosa

Field ndiyo mahali ambapo wengi wanapoteza nafasi bila kujua, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Kwa kawaida huja baada ya muhula wa pili, kati ya Julai na Septemba, wiki nane hivi. Itazame hiyo miezi kwa jicho la mkulima. Sehemu kubwa ya nchi ni kiangazi. Ukiomba kituo cha mahindi ya mvua utakuta mavuno yameingia stoo, na wiki zako nane zitakwisha kwa kupukuchua na kufagia. Chagua kituo kwa kuangalia nini kinaendelea mwezi Agosti. Jina la kituo lije baadaye.

TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Naliendele, Mtwara, ni korosho. Katikati ya mwaka ndio wakati wa kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa hiyo utaona salfa ikipulizwa, utahesabu maua yaliyoathirika na utajifunza kwa nini dawa hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka. TARI Ukiriguru, Mwanza, ni pamba, na miezi hiyo inavunwa na kupangwa madaraja. TaCRI pale Lyamungo, Moshi, ni kahawa, na kwa ukanda wa kaskazini mavuno yanakuwa yameanza, kwa hiyo unapata kumenya, kuchachusha, kuosha na kukausha mezani. TARI Tengeru, Arusha, ni bustani za umwagiliaji, kazi haisimami mwaka mzima. Mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa, mkoani hapo hapo Morogoro, yanakuwa kwenye msimu wa kukata. Halafu kuna TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, makao makuu yake yapo Morogoro. Kwa maoni yangu hiyo ni hazina ambayo wanafunzi hawaigombanii vya kutosha. Mbegu zilizovunwa zinapimwa usafi, unyevu na uotaji, na mtu anayejua kupima uotaji sawasawa hakosi wa kumtafuta.

Barua zipeleke Februari au Machi, vituo viwili au vitatu kwa pamoja. Usiandike "naomba nafasi ya kujifunza". Andika kozi, mwaka, tarehe kamili za kuanza na kumaliza, na kazi mbili unazotaka kuzifanya kwa mikono yako. Mkuu wa kituo akisoma "naomba kushiriki upimaji wa uotaji na unyevu wa mbegu" anajua akupeleke kwa nani. Asiyesema anachotaka hupangiwa pale penye upungufu wa vibarua. Na posho ya mafunzo kwa vitendo, kwa aliyepewa na Bodi, inaweza kuingia wakati field imeshaanza, kwa hiyo nauli na chakula cha wiki mbili viwe mkononi.

Kitabu cha kumbukumbu (logbook) ndicho kinachoharibu alama. Mtu anaandika: "Leo tulipalilia mahindi." Msimamizi wa chuo akija hana cha kukuuliza na wewe huna cha kujibu. Andika hivi: "Palizi ya kwanza, mahindi TMV-1, siku 21 tangu kuota, ploti 12 za mita 5 kwa 3, watu wanne, saa tatu. Gugu kuu ni ndago. Tumelima kina kifupi kwa sababu mizizi ya mahindi imeanza kutambaa kati ya mistari." Mistari mitatu tu, lakini ndani yake mna aina ya mbegu, umri, eneo, nguvukazi na sababu. Iandike jioni ile ile, na msimamizi wa kituo asaini kila Ijumaa. Ukimpelekea wiki nane kwa pamoja siku ya mwisho atasaini bila kusoma, au utaambiwa yuko safari.

Mambo mawili ujue kuyafanya kabla hujafika kituoni.

La kwanza, kupima bomba la kupulizia dawa. Weka kamba eneo la mita 10 kwa 10. Jaza maji matupu mpaka alama, pulizia eneo lote kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji uliyoongeza ili kurudi kwenye alama. Tuseme umetumia lita 2.5. Hiyo ni lita 2.5 kwa mita za mraba 100, yaani lita 100 kwa eka (tukihesabu eka mita za mraba 4,000). Bomba la lita 16 litajazwa mara 6 na robo. Kama kibandiko kinasema mililita 400 kwa eka, gawa kwa 6.25, unapata mililita 64 kwa bomba. Sasa mwenzako anakwenda haraka, anatumia lita 1.5 tu hapo hapo. Eka nzima anaimaliza kwa bomba 3.75, na kwa kipimo chako cha 64 atakuwa ameweka mililita 240 badala ya 400. Wadudu wanaobaki ni wale wenye uvumilivu, wanazaana hao, na baada ya misimu michache watu wanasema dawa ni feki. Kila mtu apime kwa mwendo wake na kwa pua ya bomba analotumia.

La pili, kuchukua sampuli ya udongo. Eneo lenye udongo wa aina moja, tembea kwa zigizaga, chukua vijisehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati hapana, ile rangi ya fedha inayoizuia kutu ni zinki na itaingia kwenye majibu ya maabara. Ruka kichuguu, mahali palipochomwa majani, palipolala ng'ombe, kando ya barabara na mahali palipotiwa mbolea karibuni. Mwaga juu ya turubai safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya, gawa tena mpaka ibaki nusu kilo hadi kilo moja. Anika kivulini. Lebo mbili, moja ndani na moja nje, kwa penseli.

---

Ndago_Sugu

Naingia kwenye kuku.

Kuku 100 wa nyama kwa laki nne na nusu: hapana. Kuku mmoja mpaka afike kilo 1.8 au 2 kwa siku 35 anakula kilo 3 hadi 3.5. Kuku 100 ni kilo 300 hadi 350, mifuko 6 mpaka 7 ya kilo 50. Nenda dukani, chukua bei ya mfuko siku hiyo, zidisha kwa saba. Karibu fedha yenu yote itaishia hapo kabla hamjanunua kifaranga hata kimoja, na bado kuna chanjo, maranda, mkaa, vyombo, na banda. Chakula peke yake kwa kawaida hubeba zaidi ya nusu ya gharama zote. Anayeanza na fedha ya nusu ya chakula huwapunguzia kuku wiki ya nne, na wiki ya nne na ya tano ndipo wanapoongeza uzito. Unauza kuku wa kilo 1.2 kwa wiki saba.

Mkitaka kuku, anzeni na 40, na ratiba muifuate hivi. Wahesabuni kwa kalenda ya chuo. Vifaranga waingie wiki ya pili ya muhula, watoke wiki ya saba au ya nane. Wakiingia wiki ya tisa, watakuwa siku ya 35 mkiwa kwenye mitihani ya mwisho wa muhula (UE), hakuna wa kutafuta wateja, na kila siku inayoongezeka kuku mkubwa anakula zaidi ya gramu 150 bila bei kupanda. Hosteli hakuna kufuga. Mtahitaji banda mtaani, na mtu wa kulala karibu nalo siku 10 za mwanzo.

Kulea vifaranga: joto la usawa wa mgongo wao nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kufungua midomo wamezidiwa, wakisambaa sawasawa na kula, sawa. Hatari kubwa ya jiko la mkaa ni hewa. Watu hufunga madirisha yote kwa karatasi ili joto lisitoke, sumu ya mkaa inajaa, asubuhi wanakuta vifaranga wamekufa na kufikiri ni ugonjwa wa kideri. Acheni uwazi juu ya ukuta, upana wa kiganja, pande mbili, na mtu asilale kamwe ndani ya chumba chenye jiko hilo. Nafasi ni kuku 10 kwa mita moja ya mraba wakifika umri wa kuuza.

Chanjo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Chanjo ya kunywesha kwenye maji inaharibika kwa klorini, kwa hiyo maji ya bomba yasitumike hivi hivi. Tumia ya kisima, au yaache wazi usiku kucha na utie gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita. Wanyime maji saa moja mpaka mbili kabla, kisha wape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Ukiweka ndoo nzima ya kunywa mchana kutwa, virusi vya chanjo vinakufa kwa joto, na umechanja kwa jina. Chanjo inunuliwe ikiwa kwenye jokofu, ibebwe na barafu.

Ila ushauri wangu kwa watu watatu wa Agronomia wenye laki nne na nusu ni miche. Inaendana na kozi yenu na mtaji unatosha. Masika ikielekea mwisho, Aprili na Mei, wakulima wa umwagiliaji wa mabondeni wanajiandaa kwa nyanya za kiangazi, na ndipo wanapotafuta miche.

Hesabu yake: nafasi ya sentimita 75 kwa 50, eka moja inataka miche kama 10,700. Robo eka ni kama 2,700. Trei ya mashimo 200, mbegu moja kila shimo. Kati ya mashimo 100, tegemea 90 yaote, na kati ya hayo 90 utatupa kama 10 kwa udhaifu. Kwa hiyo kila trei ikupe miche 160 ya kuuza. Mteja wa robo eka ni trei 17. Msiahidi 200 kwa trei, mtaaibika siku ya kukabidhi.

Mbegu iende kina cha sentimita moja. Funika trei mpaka siku ya nne au ya tano, zikianza kutoboa tu funua siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili miche inakuwa mirefu kama nyuzi na haitapona. Mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni majani yanalala na maji, udongo haukauki, na kinyausi kinapita trei nzima kwa usiku mmoja: shina linabanwa usawa wa udongo, mche unalala. Dawa yake ni kuzuia, yaani udongo uliochemshwa au mchanganyiko safi wa nyuzi za nazi, trei zilizooshwa, nafasi ya hewa chini ya trei. Kitalu kifunikwe kwa neti nzuri yenye matundu madogo, maana inzi weupe wakiingia wanaacha virusi vya kukunja majani. Mche unaonekana mzima unapouza, mwezi mmoja baadaye shamba la mteja limedumaa, na hatarudi kwenu tena wala hatakaa kimya.

Siku 5 hadi 7 kabla ya kuuza, punguza maji na ondoa kivuli kidogo kidogo ili shina likomae. Mche uondoke na siku 25 hadi 28, majani manne au matano. Ukipita siku 35 mizizi inazunguka ndani ya shimo na mche unatoa maua ukiwa mdogo. Kwa sababu hiyo msisie mbegu bila oda yenye malipo ya awali, angalau nusu. Nyanya ni kiumbe hai, haiwezi kusubiri mteja anayesema "nitakuja Jumatatu". Na ninyi watatu andikeni karatasi moja: nani katoa kiasi gani, nani anamwagilia siku gani, anayejitoa katikati anarudishiwa nini. Urafiki wa kidato cha sita hauandiki hesabu.

---

Dada_wa_Magadu

Namuunga mkono Ndago hapo kwenye karatasi. Naongeza jambo dogo: kabla ya kusia trei ya kwanza, nenda shamba la chuo la maonyesho ya mazao, Crop Museum, ukae na mafundi wa pale. Wana miaka mingi mikononi, na mwanafunzi anayesalimia kwa heshima, akachukua jembe bila kuambiwa, haondoki mikono mitupu.

---

Mwenge_wa_Tungi

Kuhusu safari za nje. Zipo, na za kweli zina majina na ofisi. Ushirika wa wahitimu wajasiriamali wa SUA, SUGECO, ni mlango mmoja unaojulikana, na umepeleka vijana wengi kwenye mafunzo ya vitendo Israel. Mpango huo ni wa miezi 11. Siku nyingi za wiki ni kazi shambani, bustani za umwagiliaji wa matone au mabanda ya ng'ombe wa maziwa, darasa linachukua sehemu ndogo. Unalipwa kwa saa, kisha makazi, bima na ada hukatwa. Anayekwenda akidhani ni chuo cha kukaa darasani huumia wiki ya kwanza, kwa sababu ni kazi ya kuinama saa nane au zaidi, jua kali.

Na usalama tuuseme wazi. Oktoba 7, 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo hayo huko Israel waliuawa. Familia zikae na hilo mezani zinapoamua, popote pale kijana anapokwenda.

Kabla ya kusaini mkataba wowote, uwe na majibu ya maandishi kwa haya: saa ngapi kwa wiki na kwa saa ni kiasi gani, makato ni yapi na kwa kiasi gani, tiketi ya kwenda na ya kurudi ni ya nani, bima inahudumia ajali ya kazini au homa tu, ukitaka kurudi nyumbani mapema unadaiwa nini. Wakala binafsi wa ajira anapaswa kuwa na usajili wa serikali. Mwombe namba yake, kisha ukaulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Anayetaka hela kwanza kwa simu "kabla nafasi hazijaisha" huyo hana nafasi.

Usiondoke katikati ya masomo kwa kimya. Nyingi ya nafasi hizi ni za waliomaliza au wanaokaribia kumaliza. Ukipata mapema, andika barua ya kuahirisha masomo na usubiri majibu kabla ya kupanda ndege, na Bodi ya Mikopo nayo ijulishwe. Asiyefanya hivyo anahesabiwa ameacha chuo.

---

Chipukizi_Makambako

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Kuku tumeacha, tunaanza na trei 17 muhula wa pili. Nina maswali mawili ya mwisho. Kuna mtu huku ameniambia GPA (wastani wa alama za chuo) haina maana kwa mtu wa kilimo, kazi ya mikono ndiyo inayoonekana. Ni kweli? Na ule utafiti mdogo wa mwaka wa mwisho, unafanywaje usiharibike?

---

Mizani_na_Rula

Aliyekuambia GPA haina maana anakufungia milango ambayo huenda yeye hakuihitaji. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, la kwanza 4.4. Kuingia shahada ya uzamili kwa kawaida hutakiwa angalau 2.7, lakini wafadhili wengi wanaanza kusoma maombi ya kuanzia 3.5. Nafasi ya ukufunzi msaidizi chuo kikuu inataka 3.8. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye hesabu hiyo na haziondoki. Wanaoangushwa mapema huangushwa na kemia, takwimu na biokemia, masomo ambayo mtu wa jembe huyaona hayamhusu. Sapu moja (mtihani wa kurudia) inakula pia likizo yako, maana wenzako wako field wewe unasubiri kurudia mtihani.

Sasa utafiti wa mwaka wa mwisho. Makosa makubwa hufanyika kabla mbegu haijagusa udongo.

Kosa la kwanza ni kujaribu kidogo mno. Mtu anachukua tritimenti tatu (vitu anavyolinganisha, kama viwango vya mbolea) na marudio matatu, ploti 9. Ukifanya mpangilio wa bloku (kila bloku ni kundi la ploti lenye tritimenti zote), digrii za uhuru za makosa, namba inayoonyesha nguvu ya jaribio kutambua tofauti, ni (3−1) × (3−1) = 4. Kwa nne hizo, hata tofauti ya kweli shambani haitaonekana kwenye hesabu, na utaandika "hakuna tofauti" wakati tofauti uliiona kwa macho. Chukua tritimenti tano na marudio manne, ploti 20, unapata (5−1) × (4−1) = 12. Hapo jaribio linasema kitu. Kama ardhi ni ndogo, punguza ukubwa wa ploti kwanza kabla ya kupunguza marudio.

La pili, bloku zinapangwa bila kutazama mteremko. Bloku moja ikae kwenye kimo kimoja, yaani ikate mteremko, isishuke nao. Rutuba na unyevu hushuka na maji. Ukipanga bloku kutoka juu kwenda chini, tritimenti ya chini itashinda kwa sababu ya udongo, na wewe utaisifu mbolea.

La tatu ni mwaka wenyewe. Vuli ya Morogoro inaweza kuja nyembamba au isije kabisa. Mahindi yanataka miezi mitatu hadi minne, na tarehe ya kukabidhi ripoti haisogei. Chagua zao la muda mfupi: mchicha ni wiki tatu hadi nne, maharage na kunde miezi miwili hadi mitatu. Ukilima kwa umwagiliaji utapata nafasi ya kurudia endapo la kwanza litaliwa na mbuzi, na uzio uwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Ukishikilia mahindi, basi ploti iwe mistari minne ya mita 5, nafasi ya sentimita 75 kwa 30. Vuna mistari miwili ya kati tu, na acha nusu mita kila mwisho. Mistari ya pembeni hupata mwanga wa ziada na mbolea ya jirani, ukiichanganya umepima ploti mbili kwa pamoja. Eneo ulilovuna ni mita 4 kwa mita 1.5, yaani mita za mraba 6. Tuseme umepata punje kilo 3.6 zenye unyevu asilimia 20. Usikimbilie kuandika tani 6 kwa hekta. Rudisha kwanza kwenye unyevu wa asilimia 13: 3.6 × 80 ÷ 87 = kilo 3.31 (80 na 87 ni sehemu isiyo maji katika kila 100). Kisha 3.31 ÷ 6 × 10,000 = kilo 5,517, kama tani 5.5. Hiyo nusu tani ilikuwa maji.

Andika uzito shambani pale pale, ploti kwa ploti, piga picha ya ukurasa jioni hiyo na uitume kwa mwenzako. Na msimamizi wako umpelekee pendekezo mapema, muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu ukianza tu, kwa sababu hatua ya kupima mashina wiki ya pili haiwezi kurudishwa wiki ya sita.